Kumchora mtu kwa mkaa: zoezi moja kamili, kuanzia vijiti hadi kuhifadhi

Anayeanza kumchora mtu huanza na macho. Kisha pua, kisha mdomo, na anapofika kiunoni karatasi imekwisha na miguu haina pa kusimama. Kilichomponza ni mpangilio wa kazi. Fundi mtumbwi wa Kirumba, hapa Mwanza, haanzi na rangi ya ubavuni. Huanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, kisha mataruma, mbavu zake. Mchoro wa mkaa nao una mkuku wake, ambao ni vipimo, na mataruma yake, ambayo ni mgawanyo wa mwanga na kivuli. Macho ni rangi ya ubavuni.

Hapa tunafuata zoezi moja: mtu mzima aliyesimama ameshika kasia, karatasi ya A2, saa mbili na nusu za kazi ukiacha mapumziko.

Mkaa wenyewe

Mkaa wa jikoni haufai. Ni mgumu, haukuiva sawasawa, na ndani yake mna chembe zinazokwaruza karatasi kama msumari. Mkaa wa kuchorea unatokana na vijiti vyembamba vya mti laini vilivyochomwa bila hewa. Mafundi wa Ulaya hutumia matawi ya mzabibu na ya mti unaoota kando ya mito yao. Huku kwetu jaribu machipukizi ya mforosadi: yananyooka, hayana mafundo mengi, na kila ukiyakata yanachipua tena. Epuka kijiti chenye uboho mpana katikati, kwa sababu kikiungua kinabaki bomba tupu na kitavunjika vidoleni.

Kata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa sentimeta 10. Menya maganda yote. Anika kivulini wiki mbili. Vikianikwa juani kwa haraka hupasuka. Chukua kopo la maziwa ya unga la gramu 400 lenye kifuniko cha bati, visimamishe humo vikiwa vimebanana, na mianya ijaze mchanga mkavu. Toboa tundu moja kwenye kifuniko kwa msumari wa inchi mbili. Tundu hili usilisahau: gesi ikikosa pa kutokea, kifuniko hufyatuka na kinaweza kumjeruhi mtu.

Weka kopo katikati ya moto wa kuni, nje ya nyumba. Kwanza utatoka moshi mweupe mzito wa mvuke, kisha moshi wa manjano ambao mara nyingi hushika moto pale tunduni. Moshi ukikoma kabisa, kwa kawaida baada ya saa moja hadi moja na nusu, toa kopo kwa koleo, ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi na uliache hadi kesho yake. Wengi huharibu hapa. Wanafungua kopo likiwa bado la moto, hewa inaingia, na kazi yote inageuka jivu mbele ya macho yao.

Kijiti kilichoiva ukikidondosha juu ya jiwe hulia kama kigae chembamba. Kivunje: ndani kiwe cheusi tii. Ukiona ukahawia, rudisha motoni. Kikisagika kwa kuguswa tu, kimepitiliza, lakini usikitupe. Kisage, chekecha kwa kitambaa na uhifadhi unga wake kwenye chupa. Utauhitaji.

Karatasi, ubao na vya kufutia

Karatasi ya rimu ni laini mno; mkaa unateleza na hauna pa kushika. Karatasi ya manila inafaa. Ina pande mbili, upande mmoja una ukwaru zaidi kidogo kuliko mwingine. Pitisha kidole kikavu utaujua, na huo ndio wa kuchorea. Karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa ni nzuri zaidi kwa mazoezi, ni ya bei ndogo, na rangi yake inasaidia sana kama tutakavyoona. Ubao uwe wa playiwudi wa milimita 6, mkubwa kuliko karatasi kwa sentimeta 5 kila upande. Chini ya karatasi yako tandika nyingine mbili au tatu. Bila hizo, mistari ya mbao itajitokeza kwenye kivuli cha paja na haitoki tena.

Ubao usimame wima, au uegee kidogo sana. Ukiulaza mapajani, sehemu ya juu ya karatasi inakuwa mbali na jicho kuliko ya chini, na bila kujua utamchora mtu aliyevutwa kama mpira. Ukiona michoro yako yote ina watu warefu wembamba, angalia kwanza pembe ya ubao kabla ya kulaumu jicho.

Kufuta kunahitaji vitu vitatu. Kitambaa cha pamba kilichochakaa, kanga kuukuu hasa, cha kupigia karatasi nzima. Raba ya kawaida, iliyokatwa kwa wembe iwe na ncha. Na mkate. Kabla ya raba kuwapo, wachoraji walifutia mkate, na hadi leo hakuna kinachonyonya mkaa kwa upole kuliko ule ulaini wa ndani wa mkate mweupe, uliofinyangwa kuwa kidonge. Uwe mkate mkavu usio na siagi wala blubendi. Mafuta yakigusa karatasi yanaacha doa ambalo mkaa hulishika kwa weusi wa ajabu. Kwa sababu hiyohiyo usiguse karatasi kwa mkono wenye jasho, na usianze kazi ukitoka kula sangara wa kukaanga kabla hujanawa kwa sabuni.

Dirisha la kuchagua

Vitabu vya Ulaya vinasema chumba cha kuchorea kiwe na dirisha la kaskazini. Huko ni sahihi, kwa kuwa jua la mchana kwao huwa daima upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga usiobadilika. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Kwa hiyo Juni tumia dirisha linalotazama kusini, na Desemba linalotazama kaskazini. Ukifuata kitabu bila kufikiri, Julai jua litaingia chumbani, kivuli cha pua kitahama kila dakika kumi, na mchoro utakuwa na nyuso tatu za saa tatu tofauti.

Dirisha liwe moja tu; mengine funika kwa kanga nzito. La kuchorea nalo ziba nusu ya chini kwa kipande cha katoni, ili mwanga utoke juu. Msimamishe modeli umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka dirishani, mwanga umpige kwa ubavu. Mwanga ukitoka mgongoni mwako humlainisha, hana kivuli, na wewe huna cha kuchora.

Ukilazimika kuchorea nje, fanya kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Saa sita jua liko utosini: macho yanakuwa mashimo mawili, na kidevu kinaangusha kivuli hadi kifuani. Ufukweni kuna jambo jingine, wale vijidudu vya ziwani vinavyopanda juu ya maji kama moshi. Upepo ukivileta huku, geuza ubao uso wake utazame chini na usubiri. Kikitua kimoja usikifagie kwa kiganja, kitasagika; kipulize.

Jiwe kabla ya mtu

Katika shule za sanaa za Ulaya za karne ya 19, mwanafunzi hakuruhusiwa kumchora mtu hai kabla hajachora sanamu za plasta, yaani za jasi nyeupe, kwa muda mrefu. Pablo Picasso, mchoraji wa Hispania aliyezaliwa 1881, alipitia njia hiyo. Alichora plasta katika mji wa A Coruña, Hispania, kati ya 1892 na 1895, kisha akiwa na miaka 13 akaingia shule ya sanaa ya La Llotja, Barcelona, alikokuwa akifundisha baba yake. Baadhi ya mazoezi yake ya miaka hiyo, plasta na miili ya wanaume, yamehifadhiwa katika makumbusho yanayobeba jina lake Barcelona. Anayemjua kwa nyuso zilizokatwa vipandevipande atashangaa: kivuli ni bapa moja tulivu, mpaka wake umechunguzwa kwa uvumilivu, na miguu imesimama chini kwelikweli. Hakuna ujanja. Kuna mtoto aliyefundishwa kutazama.

Plasta hatuna, ila tuna mawe. Mawe ya Mwanza ni ya mviringo, makubwa, hayachoki na hayadai malipo. Jiwe la Bismarck, lile lililo ziwani kando ya mji, likitazamwa saa kumi na moja jioni lina kila kitu utakachokikuta kwenye bega la mtu: upande wa mwanga, mpaka laini pale jiwe linapojipinda kuelekea gizani, giza kuu, mwanga hafifu unaorudi kutoka majini, na kivuli chenye kingo kali kinachoangukia jiwe la jirani. Chora mawe mara kumi kabla ya mtu. Atakayeruka hatua hii ataijua gharama yake akifika kwenye goti.

Modeli na pozi

Mpate mtu mzima aliyekubali kwa hiari. Mkubaliane mapema kuhusu saa, malipo na nani ataonyeshwa mchoro. Kaptula na singlendi vinatosha. Zoezi hili linahitaji kuona magoti, viwiko, mtulinga (mfupa kati ya shingo na bega) na shingo tu. Akiwa mkubwa kwako mpe heshima yake: "Mzee, ukihisi ganzi niambie, tutapumzika." Wengi huvumilia kwa kuona haya, kisha wanaanguka. Anayesimama akikaza magoti nyuma, damu hukwama miguuni na anaweza kuzimia. Mwambie ayalegeze kidogo. Dakika 20 za kusimama, dakika 5 za kukaa, na maji ya kunywa. Kabla hajaondoka mahali pake, zungushia nyayo zake chaki sakafuni, na weka alama pale kasia linapogusa chini.

Kasia lina kazi mbili. Shule za zamani zilimpa modeli fimbo au kamba ya kushika ili mkono usichoke, na kasia ni fimbo hiyo. Pia ni mstari ulionyooka kando ya mwili, wa kupimia kila kitu kinachopinda. Lisimame wima, mkono ukilishika usawa wa bega.

Uzito auweke mguu mmoja. Hapo nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Ukiikosa mielekeo hii miwili, hata misuli uichore vizuri namna gani utapata mtu wa kwenye bango la zahanati.

Kupima

Simama mita nne na nusu hadi tano kutoka kwa modeli. Ukiwa karibu ya mita mbili unamwona uso kwa usawa lakini miguu kutoka juu, na itakuwa mifupi.

Kwenye A2 yenye urefu wa milimita 594, acha sentimeta 5 juu na 5 chini. Inabaki karibu sentimeta 49. Weka alama ya utosi na alama ya visigino sasa hivi, kabla ya chochote, na usizivuke. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu, hivyo kichwa chako kitakuwa takriban sentimeta 6 na nusu. Kidogo kuliko ulivyotaka, sivyo? Ndiyo maana michoro ya wanaoanza ina vichwa vikubwa: uso unatuvutia, na kinachotuvutia tunakikuza. Nusu ya urefu wote inaangukia kwenye mfupa wa kinena, wala si kiunoni kama wengi wanavyodhani. Chuchu ziko kama vichwa viwili kutoka utosini, kitovu kama vitatu. Hivi ni vya kuanzia tu. Aliye mbele yako ndiye mwenye vipimo vya kweli.

Mpime hivi. Nyoosha mkono, kiwiko kikaze, fumba jicho moja. Ncha ya kijiti iwe kwenye utosi wake, ukucha wa dole gumba uteleze hadi kidevuni. Sasa shusha kipimo hicho mwilini na uhesabu. Kiwiko kikilegea hata kidogo, hesabu yote ni bure.

Kisha timazi. Chukua mshipi wa kuvulia wa mita moja, funga chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, mwishoni, uning'inize mbele ya jicho. Uanzie kwenye kishimo cha koo: kwa mtu aliyeweka uzito mguu mmoja na asiyeegemea kitu, mshipi utashuka karibu na kifundo cha ndani cha mguu huo. Aliyejiegemeza kwenye kasia atatoka nje kidogo ya hapo, na ukubwa wa kutoka huko ndio utakaoonyesha kuwa ameegemea. Uchore mstari huo wa timazi kwenye karatasi kwa wepesi na upime kila kitu kutoka hapo: goti liko kulia yake kwa kiasi gani, kiwiko kushoto kwa kiasi gani.

Tumia mistari iliyonyooka, hata penye mviringo. Bega liwe mistari mitatu, chafu ya mguu miwili. Mistari iliyonyooka ni rahisi kupima na kusahihisha. Shika kijiti kwa ulalo kati ya dole gumba na vidole, mbali na ncha, na uchore kwa bega zima. Dakika 20 za kwanza zote ni za hapa, na nyingine 20 ni za kusahihisha. Rudi nyuma hatua tatu kila dakika tano. Ukikuta kosa, piga kitambaa ufute. Alama hafifu inayobaki itakuonyesha pa kutorudi tena. Kwa kazi hii mkaa umeizidi penseli, maana haukufungi kwenye kosa lako la kwanza.

Kivuli kimoja

Bana macho hadi usione kope wala vifungo. Mwili utagawanyika sehemu mbili, ya mwanga na ya giza. Tafuta mpaka wake: unaanzia paji la uso, unapita shavuni, unashuka shingoni, unakata kifua, mbavu, paja, hadi muundi. Uchore kama mstari mmoja unaosafiri. Kisha laza kijiti ubavu wake, jaza upande wote wa giza kwa weusi mmoja wa kati, uzani uleule kuanzia shavu hadi mguu, na kivuli cha sakafuni nacho kiunganishe humohumo. Usibonyeze. Ukibonyeza mapema unajaza vishimo vya karatasi, na tabaka la pili halitakuwa na pa kukaa. Litang'aa tu kama lami.

Ukimaliza hapa, bila jicho hata moja, mtu anayemfahamu modeli anapaswa kumtambua kutoka mita sita. Asipomtambua, kosa liko kwenye mpaka au vipimo, na kuongeza mdomo hakutaliponya.

Sasa kingo. Mwili unapojipinda polepole, kama kwenye paja, mpaka wa kivuli ulainishe kwa kitambaa. Mfupa unapokaribia ngozi, kama kwenye goti, mtulinga na kifundo, uwe mkali zaidi. Kivuli kinachoangushwa na kitu kingine, mfano cha kidevu shingoni au cha kasia pajani, kiwe na kingo kali karibu na chanzo na kilainike kadiri kinavyokwenda mbali. Ndani ya giza utaona mwanga unaorudi kutoka sakafuni. Upo, lakini ni dhaifu kuliko unavyoonekana ukiukodolea macho. Sehemu yoyote ya kivuli, hata iliyo angavu kiasi gani, ibaki nyeusi kuliko sehemu yoyote ya mwanga. Sheria hii ikivunjwa mwili unageuka bati.

Kusugua kwa kidole kuwe kwa uchache. Anayesugua kila mahali anapata mtu wa sponji.

Ngozi nyeusi

Miongozo mingi iliandikwa kwa ngozi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ambapo upande wa mwanga huachwa bila kuguswa. Ukifanya hivyo kwa mvuvi wa Igombe unamchora mtu mwingine. Na ukipaka weusi kila mahali unapata kivuli cha mtu ukutani. Ngozi nyeusi ina upande wa mwanga ulio wa rangi ya kati, na juu yake mng'ao mdogo, mkali, wenye kingo, hasa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, bega na muundi.

Kwa hiyo kabla ya kupima, chovya kitambaa kwenye ule unga wa mkaa na upake karatasi nzima kijivu hafifu. Huo ndio upande wake wa mwanga. Kivuli kiongeze juu yake, na mng'ao uuchomoe kwa kidonge cha mkate: gusa, inua, finyanga upya, gusa tena. Usisugue. Kwenye karatasi ya kaki, rangi ya karatasi inafanya kazi ya kijivu hicho, na mng'ao unauweka kwa chaki nyeupe ya darasani. Chaki isikutane na mkaa: vikichanganyika vinatoa kijivu cha samawati, kama majivu juu ya ngozi, na hakuna mkate utakaokiondoa. Acha ukanda wa karatasi tupu katikati yao.

Dakika 30 za mwisho ndizo za uso, mikono na vidole vya miguu. Tundu za pua, kona za midomo na mstari wa kope la juu vinatosha kwa kichwa cha sentimeta 6 na nusu. Mkono unaoshika kasia uchore kwanza kama mfuko mmoja, kisha tenga dole gumba, kisha mstari wa vifundo vinne. Weusi wa mwisho, ule wa kubonyeza kweli, weka mahali patatu au panne tu: kwapani, chini ya kidevu, chini ya unyayo wenye uzito.

Kuushika usifutike

Nunua shelaki, zile chembe za kahawia ambazo maseremala huyeyusha kwa ajili ya kung'arisha fanicha. Gramu 5 kwenye mililita 250 za spiriti, uache usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Iwe nyepesi hivyohivyo. Nzito inang'aa na kutia umanjano. Fanya nje, mbali na jiko. Tumia chupa ya kupulizia ya saluni, simama sentimeta 50, anza kupuliza nje ya karatasi ndipo upite juu yake, maana matone makubwa hutoka mwanzoni. Tabaka mbili nyembamba, na kati yake dakika 10. Kama spiriti yako ina rangi, jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Dawa ya kupulizia nywele inashika, lakini baada ya muda hugeuka manjano. Iache kwa mazoezi. Chaki nyeupe hufifia ikipulizwa, hivyo mng'ao urudishie baadaye.

Usikunje mchoro wala kuuviringisha. Ulaze kati ya karatasi mbili safi chini ya godoro au chini ya ubao, mbali na ukuta wa tofali wakati wa masika, ambapo unyevu huleta ukungu. Nyuma yake andika kwa penseli tarehe, saa, dirisha ulilotumia na umbali uliosimama, ili wiki ijayo, modeli akirudi kwenye alama zake za chaki, mwanga uukute palepale.